Watoto Wetu Si Vilaza

Tumechoka kuambiwa watoto wetu ni vilaza. Mtoto anamaliza darasa la saba akijua kueleza vizuri jinsi jani linavyotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Anaingia kidato cha kwanza, shule ya kata, anakuta jani ni lilelile na jua ni lilelile, ila kila kitu kinasemwa kwa Kiingereza. Wiki chache za kozi ya awali, halafu Biolojia, Fizikia, Jiografia, Historia, vyote kwa mkupuo. Asipoelewa hana hata maneno ya kuulizia. Basi ananyamaza, ananakili ubaoni, anakariri. Mwalimu akiona wamemtumbulia macho anarudi kwenye Kiswahili ili waambulie chochote, lakini mtihani wa kidato cha pili hauna huruma hiyo. Na zipo shule ambako mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anachapwa. Anachapwa kwa kuongea lugha ya Taifa, katika nchi ambayo Bunge lake linajadili bajeti kwa Kiswahili!

Si kwamba wakubwa hawajaambiwa. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili ifikapo 1985, serikali ikakataa. Sera ya elimu ya 2014 ikatupa matumaini kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia, toleo la 2023 likayazima. Wenye uwezo hawana shida, watoto wao wanasoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Sisi mama lishe, bodaboda na wakulima tulifutiwa ada tangu 2016, na tunashukuru kwa dhati, ila jioni tunahangaikia hela ya tuisheni ili mtoto afundishwe upya alichofundishwa asubuhi.

Hatusemi Kiingereza kiondoke. Tunakitaka, kifundishwe kama somo, na mwalimu anayekimudu. Kufundisha Kemia kwa Kiingereza ni habari nyingine.

Sasa elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza la tatu mwaka 2024, wa miaka sita, na walioanza la nne mwaka huohuo, wa miaka saba, watamaliza pamoja 2027, na Januari 2028 wote watabisha hodi kidato cha kwanza. Vyumba vya madarasa vinajengwa, tunaviona. Lugha ya kufundishia humo ndani haijaguswa. Wizara itujibu kabla ya Januari hiyo: kinashindikana nini kuandika maswali ya kidato cha pili kwa lugha zote mbili, mtoto akachagua ya kujibia?