Tiara ya mtoto ikivunjika ufito, mzazi asikimbilie kuitupa

JUMAPILI jioni, baba anafika nyumbani Mkwajuni, wilayani Songwe, akitoka kwenye machimbo madogo ya dhahabu alikolala wiki nzima. Amechoka, na vumbi bado limeganda kwenye nyusi. Hata hajavua viatu, mwanawe wa miaka 10 anakuja na tiara iliyokunjika katikati.

“Shikamoo baba. Ufito umevunjika.”

“Marahaba. Achana nayo, mwanangu. Mzigo ukitoka nitakununulia mpira.”

Mtoto anaitikia “sawa baba” na kuondoka. Lakini tiara haitupi. Anaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Kisa cha namna hii hutokea katika nyumba nyingi, na baba hana nia mbaya. Kwake yeye, tiara ni karatasi na vijiti. Kwa mtoto ni kazi ya siku tatu: kutafuta mwanzi, kuupasua, kubandika karatasi kwa uji mzito wa ngano na kumbembeleza mama ampe uzi. Hakuja kuomba kitu kipya. Alikuja kuomba baba akae naye chini nusu saa.

Katika familia ambayo baba huonekana siku moja kwa wiki, nusu saa hiyo si jambo dogo. Mtoto akijibiwa mara tatu kwamba kitu chake ni cha kutupa, mara ya nne haleti. Baadaye ataacha kuleta na mengine: daftari lenye alama mbaya, ugomvi wa shuleni, jambo lililomtisha njiani.

Kazi ya ufito

Tiara ya kawaida ina fito mbili, mmoja wa wima na mwingine wa mlalo unaoukatiza sehemu ya juu. Karatasi pekee haipandi, kwa sababu ikipigwa na upepo hujikunja. Fito ndizo zinazoitandaza, na ule wa mlalo hupindwa kidogo kwa uzi kama upinde ili tiara itulie hewani.

Mabaharia wanaijua kazi hiyo. Tanga la ngalawa au jahazi la pwani huning’inia kwenye foromali bila fito ndani yake. Lakini Wachina kwa karne nyingi wameweka fito za mianzi kukatiza tanga zima, na mashua ndogo za kisasa huwa na fito nyembamba zilizochomekwa kwenye vifuko vya tanga. Kanuni ni moja: ufito usiopinda huvunjika, na uliolegea mno huliacha tanga lipigepige.

Baba mchimbaji naye ana elimu hiyo. Hashuki kwenye duara lenye timba lililopasuka. Anajua kuutazama mti na kukisia utabeba nini. Ni elimu ambayo mwanawe hajawahi kuiona, kwa sababu iko chini ya ardhi.

Kuganga au kubadilisha

Hatua ya kwanza ni kuutazama ufa. Kama ufito umepasuka lakini haujaachana, unagangika. Hukatwa vipande viwili vyembamba vya mwanzi, virefu kiasi cha kuupita ufa kwa vidole vinne kila upande. Hulazwa ubavu huu na huu kama magango ya mfupa uliovunjika, kisha huzungushiwa uzi uliokazwa, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Juu yake hupakwa gundi na kuachwa mpaka asubuhi.

Ufito wa wima ukitiwa magango, tiara hailemei upande, kwa kuwa uzito uko katikati. Ule wa mlalo ni habari nyingine. Upande uliogangwa huwa mzito, na tiara huzunguka na kuangukia huko. Dawa ni kuuzungushia uzi upande wa pili mpaka ulingane. Kipimo chake ni kidole: ufito ukiwekwa juu yake pale katikati, usilale upande wowote.

Ukiwa umekatika vipande viwili, ni heri kuchonga mpya. Unafaa mwanzi uliokomaa na kukauka, kwa sababu mbichi husinyaa baadaye na nyuzi zikalegea. Huchongwa upande wa ndani tu. Ganda la nje ndilo lenye nguvu, liachwe. Kisu ashike mzazi, au mtoto mkubwa chini ya jicho la mzazi, akichonga kuelekea mbali na mwili. Ncha zisuguliwe kwa msasa na kufungwa kitambaa, zisitoboe karatasi wala jicho.

Wazazi wengi wanakumbuka tiara za mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Karatasi ya mfuko wa saruji, ikikung’utwa na mtu mzima mbali na watoto, ni imara kuliko gazeti.

Mchezo ukiisha, uzi wa upinde ulegezwe, kwani ufito uliopindwa usiku kucha husahau kunyooka. Tiara itundikwe kwenye kenchi, mbali na mchwa na mahali panapovuja.

Mahali pa kurushia

Mtoto anayerusha tiara hukimbia kinyumenyume huku macho yako juu. Katika maeneo ya machimbo hilo ni hatari, kwa kuwa yapo mashimo yaliyoachwa bila kufukiwa na majani yameyafunika. Mzazi autembelee uwanja kwa miguu yake kwanza, kisha amwonyeshe mtoto mpaka asiovuka.

Pia iwe mbali na nyaya za umeme. Tiara ikinasa kwenye waya iachwe hapohapo, isivutwe wala kufuatwa kwa mti. Uzi uwe wa pamba au nailoni, kamwe usiwe waya. Na wingu la mvua likitanda, mchezo uishe.

Jumapili inayofuata, baba anauliza, “Ile tiara uliitupa?”

Mtoto ananyamaza, kisha anaingia chumbani na kuivuta kutoka uvunguni. Wanakaa kwenye mkeka. Baba anachonga magango, mtoto anazungusha uzi. Baba anaupima ufito kwa jicho na kusema uko sawa.

“Upande huu ni mzito, baba.”

Baba anauweka juu ya kidole. Unalala upande aliousema mtoto. Wanaongeza uzi ng’ambo ya pili, wanapima tena, wanapaka gundi. Baba anataka watoke nje waijaribu kabla giza halijaingia.

“Bado, baba. Gundi mpaka asubuhi.”

Jumatatu alfajiri baba anarudi machimboni wakati mtoto amelala na tiara iko kwenye kenchi. Jioni simu yake inaita, namba ni ya mama watoto, lakini sauti si yake.

“Shikamoo baba. Imepanda. Haikulala upande.”