Bar 20 za Nini?

Ingia duka lolote la vifaa vya nyumbani, Dar es Salaam au Nairobi, uulizie mashine ya espreso ya bei nafuu. Muuzaji atageuza boksi akuonyeshe namba ya shinikizo: bar 15. Ukisitasita, atashusha jingine la bei ya juu kidogo: bar 20. Wengi huongeza pesa wakalichukua la pili, maana imekwisha kuaminika kwamba shinikizo likiwa kubwa, kahawa huwa tamu zaidi. Si kweli, na wanaoumia ni wale waliojinyima miezi kadhaa ili wanunue mashine yao ya kwanza.

Espreso hupikwa kwa shinikizo la takriban bar 9. Mashine za mwanzo za Italia, kama ile ambayo Luigi Bezzera aliisajili mwaka 1901, zilisukuma maji kwa mvuke, na nguvu yake ilikuwa ndogo mno. Achille Gaggia wa Milano ndiye aliyeleta wenzo wenye springi miaka ya 1940, na hapo watu wakaanza kuona lile povu la rangi ya dhahabu juu ya kikombe. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa E61, yenye pampu ya umeme inayofanya kazi kwenye bar 9. Mashine za mikahawani, zinazouzwa kwa mamilioni ya shilingi, hadi leo hurekebishwa kuzunguka kiwango hicho hicho. Kama bar 20 zingekuwa na faida, wauza kahawa wangekuwa wa kwanza kuzitumia.

Namba ya kwenye boksi hueleza uwezo wa pampu pale maji yanapozibwa kabisa, yasitoke hata tone. Yakianza kupita kwenye kahawa, shinikizo hushuka, na kinachoamua lishuke kiasi gani ni unga wenyewe: umesagwa laini vipi, umejaa kiasi gani, umeshindiliwa sawasawa au la. Unga ukiwa wa chengachenga, maji hupita mbio na pampu yako ya bar 20 haifiki popote. Ndiyo maana mashine nzuri huwekewa vali ya kurudisha maji ya ziada, ili shinikizo lisipande kupita kiasi. Mtengenezaji makini anagharamia kifaa cha kupunguza kile kile ambacho duka linakitangaza kuwa sifa.

"Lakini yangu inatoa povu zito," wengine watasema. Ni kweli, inatoa. Machujio ya mashine nyingi za bei nafuu yana kuta mbili, na ukuta wa chini una kitundu kimoja tu. Kahawa ikilazimishwa kupita hapo hutoka na povu hata kama unga umekaa kabatini tangu mwaka jana. Robusta ya Kagera nayo hutoa povu jingi kuliko arabika ya Kilimanjaro, mashine ikiwa ile ile.

Pesa ziende kwenye kisagio. Gramu 18 za unga zitoe gramu 36 hivi za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30: hicho ndicho kipimo cha kuanzia, na hukifikii bila kisagio kinachokuruhusu kubadilisha ulaini kidogo kidogo. Blenda ya visu, ile ya kusagia viungo, hukupa vumbi na vipande kwa pamoja. Vumbi huleta uchungu, vipande huleta uchachu, na vyote unavinywa katika kikombe kimoja. Kisagio cha mkono chenye meno ya chuma hugharimu kidogo kuliko cha umeme cha ubora huo huo. Mimi ningegawa bajeti nusu kwa nusu, na nikibanwa ningepunguza upande wa mashine. Zipo mashine za wenzo wa mkono, kama Flair na Cafelat Robot, ambazo hazina pampu wala hazihitaji umeme zaidi ya kuchemshia maji. Mkono wa mtu unafikisha bar 9 bila taabu. Inaniuma kuona buni bora ya Mbinga au Nyeri, iliyomhangaisha mkulima msimu mzima, ikiharibiwa jikoni kwa sababu mnunuzi alimalizia pesa zote kwenye namba.

Anayenunua kahawa iliyokwisha kusagwa, na hataki kuhangaika, chujio la kuta mbili linamfaa, wala hana haja ya kulipia bar 20. Anayetaka espreso yenyewe amwombe muuzaji afungue boksi, atoe chujio na kuligeuza atazame kitako chake. Akikuta vitundu vingi, aendelee na mazungumzo. Akikuta kimoja, aulize kama chujio la ukuta mmoja la mashine hiyo linauzwa. Kama haliuzwi, boksi lirudi rafuni, hata liwe limeandikwa bar ngapi.