Nani Kampa Nani? Jibu kwa Wanaodai Kiswahili Hakibebi Kemia

Dai hili nalisikia tangu ujanani, na sasa nimestaafu, bado lingali hai: kwamba Kiswahili ni lugha tamu ya mapenzi, nyimbo na mashairi, lakini kifikapo mlangoni mwa maabara sharti kibaki nje. La kusikitisha ni kwamba miongoni mwa walisemao wamo washairi wenzetu. Hukisifu Kiswahili kwa beti kumi na mbili, kisha humwambia mtoto nyumbani kwamba sayansi haisemeki kwa lugha hiyo. Nalipinga dai hilo, na nitalipinga kwa mada iwatishayo wanafunzi wengi wa kemia: mimenyuko ya kutoa na kupokea elektroni, na umeme uzaliwao humo.

Chukua kipande cha zinki, ukitumbukize katika maji yaliyoyeyushwa mrututu. (Naam, mrututu. Ndilo jina letu la ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, na limo kamusini, ingawa maabara zetu hazilitaji.) Baada ya muda buluu hufifia, na zinki huvaa utando mwekundu. Utando huo ni shaba. Kila atomu ya zinki imetoa elektroni mbili ikaingia majini ikiwa ioni. Kila ioni ya shaba imepokea elektroni mbili ikatoka majini ikiwa metali. Sasa mtenge mtoaji na mpokeaji: zinki katika mmumunyo wa chumvi yake, shaba katika mrututu, na baina yao kizuizi chenye vinyweleo vya kupitisha ioni. Ziunganishe metali hizo kwa waya. Elektroni, zikikosa njia ya mkato, zitapita wayani, nawe utakuwa na seli ya umeme aliyoiunda John Frederic Daniell mwaka 1836.

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu tarajali. Nilipowauliza maana ya mmenyuko huo, walinikariria fasili ya Kiingereza pasi na kukosea nukta. Nilipowauliza, “Hapa, nani kampa nani?” darasa lilinyamaza. Hao ndio waliokwenda kuwapokea watoto wa Tanzania waliosoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba katika shule za msingi za umma, kisha wakabadilishiwa lugha kidato cha kwanza. Mtoto wa namna hiyo huambiwa hana kichwa cha kemia, ilhali hakuna aliyemwuliza swali la kemia kwa lugha anayofikiria.

Watajibu kwamba istilahi zote ni za kigeni. Ni za kigeni, lakini je, zilishuka kutoka mbinguni? Lavoisier aliiita oksijeni kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kizaa-asidi, akiamini kila asidi inayo. Alikosea: asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Jina likabaki, na kutoka humo likatoka neno oksidisha, litumikalo hata pale ambapo oksijeni haipo. Sodiamu ikiungua katika klorini na kuwa chumvi ya mezani, husemwa imeoksidishwa!

Na Faraday je? Mwana huyu wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kujalidi vitabu, hakuwa msomi wa Kigiriki. Mwaka 1834 alipohitaji majina ya mambo aliyoyaona, alimwandikia barua William Whewell wa Cambridge kuomba shauri. Ndipo zikapatikana anodi, yaani njia ya kupanda, na kathodi, njia ya kushuka, pamoja na ioni, chenye kwenda. Mwanasayansi alimwendea mjuzi wa lugha, na mjuzi wa lugha hakumwambia kwamba Kiingereza hakiwezi.

Sidai tuyatupe maneno hayo. Anodi na ioni zimekwisha kuwa zetu, kama ilivyo meza na kitabu. Ninachokikataa ni tafsiri ya neno kwa neno, kama kumwita anayepokea elektroni “aliyepunguzwa” kwa sababu tu Waingereza wamesema hivyo. Mwanafunzi atauliza, na ana haki: amepunguzwaje hali ameongezewa? Sisi tuna kutoa na kupokea, tuna mtoaji na mpokeaji. Tuna hata kupokezana, neno ambalo kila mtoto analijua kutokana na mbio za vijiti: hakuna apokeaye kijiti ambacho hakikutoka mkononi mwa mwingine.

Nanyi washairi, mnaoogopa milinganyo, hesabu hii ni yenu. Mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Mmenyuko huu nao una vipande viwili, cha kutoa na cha kupokea. Tia waya wa shaba katika mmumunyo wa nitrati ya fedha. Atomu moja ya shaba hutoa elektroni mbili, ioni moja ya fedha hupokea moja tu. Mizani imepungua! Basi andika ioni mbili za fedha kwa kila atomu ya shaba, na vipande vyote viwili vitalingana.

TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hivyo kisingizio cha ukosefu wa istilahi kimezeeka. Anayeendelea kunipinga na arejee aya yangu ya zinki na mrututu, anionyeshe hatua moja tu ambayo Kiswahili kilishindwa kuieleza.