Sauti Maarufu, Mwenyewe Hajulikani

MAONI YA WIKI, na Salma Mwinyikai

Aliyeingia sinema Marekani miaka ya themanini na tisini, au aliyekodi kanda ya video iliyotoka huko, hakukosa kusikia sauti nzito ya kifua ikimtangazia filamu ijayo kwa maneno yaliyozoeleka mno: "Katika ulimwengu ambamo..." Mara nyingi mwenye sauti hiyo alikuwa Don LaFontaine, mzaliwa wa Duluth, Minnesota, aliyefariki Los Angeles Septemba 1, 2008 akiwa na umri wa miaka 68. Anatajwa kuwa alisoma trela zaidi ya 5,000. Wachekeshaji walimwiga, watoto walimwiga, na bado angeweza kusimama kwenye foleni ya benki asitambuliwe na yeyote mpaka afungue mdomo. Mwaka 2006 kampuni moja ya bima ilimweka kwenye tangazo la televisheni, na hata humo alitambulishwa kuwa ni "yule mtangazaji wa kwenye filamu", jina lake likaandikwa kwenye skrini, maana lisingeandikwa nani angelijua? Nadai kwamba humo, katika kusikika na kila mtu bila kujulikana na mtu, ndimo ulimo udhaifu mkubwa wa kazi hii. Siku hizi lawama zote zinatupiwa akili mnemba. Akili mnemba imekuja na kukuta mlango umeshaachwa wazi.

Tuanze na kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu watu wengi hudhani ni suala la kuwa na koo nzuri. Trela kwa kawaida haitengenezwi na aliyeongoza filamu. Kampuni ya filamu huwapa kazi hiyo mafundi wa trela, na filamu kubwa huweza kupewa makampuni mawili matatu yashindane. Mhariri hukata picha, huweka muziki wa muda, kisha husoma maneno mwenyewe au humwita kijana wa ofisini ayasome, ili ajue sekunde zinatosha. Msomaji halisi huitwa mwishoni. Anapewa sentensi moja na kuisoma mara tatu mfululizo bila kusubiri maelekezo, kila mara akibadili mkazo: mara ya kwanza kama onyo, ya pili kama siri, ya tatu kama anayejua mwisho wa hadithi na hataki kuusema. Mhariri huchagua. Neno likichelewa nusu sekunde linagongana na mlio wa risasi au linammeza mwigizaji anayeanza kusema, kwa hiyo msomaji hodari hubana pumzi katikati ya sentensi na msikilizaji asigundue. Halafu toleo lile likishindwa mbele ya toleo la washindani, usomaji wake unaishia kabatini. Likishinda, unasikika nchi nzima. Katika hali zote mbili jina lake haliandikwi popote, kwa kuwa maandishi madogo yanayofunga trela ni ya walioifanya filamu, si ya walioitangaza.

LaFontaine aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa fundi wa sauti New York mwanzoni mwa miaka ya sitini, akifanya kazi na mtayarishaji Floyd Peterson kwenye matangazo ya redio ya filamu ya Dr. Strangelove. Mwaka 1964 msomaji aliyepangwa kwa filamu ya Gunfighters of Casa Grande hakutokea; fundi akakaa mbele ya maikrofoni, akasoma, na kampuni ya MGM ikanunua kazi. Baadaye aliongoza idara ya trela ya Paramount, na mwaka 1981 akajitegemea. Katika miaka ya neema alikuwa akipelekwa studio hadi studio kwa gari refu la kifahari lenye dereva, na inaelezwa kwamba siku zenye pilikapilika aliweza kurekodi hadi mara 35. Filamu fupi ya mzaha ya mwaka 1997, 5 Men and a Limo, iliwaonyesha yeye na wenzake wanne wa kazi hiyo wakibanana ndani ya gari moja la aina hiyo. Mzaha ule ulikuwa na ukweli ndani yake: soko zima la Hollywood lilikuwa mikononi mwa wanaume wanaoweza kuenea kwenye gari moja.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapozuka, na ni la haki. Kwa nini tumhurumie mtu aliyekuwa akiendeshwa kwa gari la kifahari? Sisemi ahurumiwe. Nasema kwamba utajiri wa wachache wale ulificha hali ya waliobaki. Mlango ulikuwa mwembamba kiasi kwamba sauti ya mwanamke kwenye trela ya filamu kubwa ilikuwa habari ya kuandikwa magazetini, kama ilivyokuwa Melissa Disney aliposikika kwenye trela ya Gone in 60 Seconds mwaka 2000. Miaka 13 baadaye mwongozaji Lake Bell alitengeneza filamu nzima, In a World..., kuhusu mwanamke anayepigania kusoma trela, na hakuna mtazamaji aliyelalamika kwamba kisa hicho kimepitwa na wakati. Kwa upande mwingine, Percy Rodriguez, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Montreal, ndiye aliyewatia watazamaji hofu ya bahari kupitia trela ya Jaws mwaka 1975. Wangapi kati ya walioogopa walijua ni nani aliyewaogofya? Kutoonekana kulimpa nafasi ambayo pengine uso wake usingepewa, na kukamnyima sifa kwa wakati huo huo.

Kisha soko likageuka, na kompyuta haikuwa na mkono humo. Mwaka 2002 trela ya Comedian, filamu ya kumbukumbu inayomhusu Jerry Seinfeld, ilimweka msomaji mkongwe Hal Douglas kwenye chumba cha kurekodi akijaribu kuanza na maneno yale yale ya "Katika ulimwengu", na fundi akimkatisha kila anapofungua mdomo hadi akamtimua. Ukiona fani inajicheka hivyo, ujue wateja wake wameshaichoka. Katika miaka iliyofuata wahariri waliacha taratibu kutumia msimulizi. Wakaona mazungumzo ya waigizaji wenyewe, muziki wa kishindo na maneno matatu meupe kwenye skrini nyeusi yanatosha. Mimi naona waliamua vizuri. Trela nyingi za zamani zilimweleza mtazamaji jambo ambalo macho yake yalikuwa tayari yanaliona. Hakuna fani yenye haki ya kuishi milele.

Lakini angalia kilichowapata waliobaki. Kazi iliyokuwa imejikusanya katika mji mmoja, kati ya watu wanaofahamiana, chini ya chama cha waigizaji, ilisambaa. Laini maalumu za simu za kidijitali, na baadaye intaneti, ziliwaruhusu kurekodi nyumbani, wengine ndani ya kabati la nguo kwa kuwa nguo hunyonya mwangwi. Badala ya trela wakapata matangazo mafupi ya televisheni, michezo ya kompyuta, vitabu vya kusikiliza, video za kufundishia wafanyakazi, na ujira wa mara moja kupitia tovuti za vibarua. Mteja akawa ni jina la bandia kwenye skrini. Rekodi zao zikatapakaa, na kila rekodi safi isiyo na muziki nyuma yake ni malighafi anayoitafuta mtu anayejenga mashine ya kuongea.

Kesi ya Paul Skye Lehrman na Linnea Sage, wasanii wawili wa sauti wa New York, inaonyesha hatua ya mwisho ya safari hiyo. Kwa mujibu wa madai yao mahakamani, mwaka 2023 walikuwa ndani ya gari wakisikiliza kipindi kuhusu migomo ya Hollywood na hatari ya akili mnemba. Mtangazaji akaanza kuihoji mashine, na mashine ikajibu kwa sauti ya Lehrman. Walipofuatilia, wanasema, waligundua kwamba miaka kadhaa nyuma kila mmoja alirekodi kazi kwa mteja asiyejulikana kwenye tovuti ya vibarua: Lehrman kwa dola 1,200, akiambiwa ni kwa utafiti wa kitaaluma tu, na Sage kwa dola 400, akiambiwa ni majaribio ya matangazo ya redio. Waliishtaki Lovo, kampuni inayounda sauti za mashine, mwaka 2024. Kampuni inayapinga madai hayo. Julai 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho ya New York alitupa sehemu kubwa ya madai ya haki miliki na alama ya biashara, ila akaruhusu yaliyosimama juu ya sheria ya jimbo hilo kuendelea.

Linganisha na waliokuwa na majina. Mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko California ilimpa mwimbaji Bette Midler haki dhidi ya kampuni ya magari ya Ford. Wakala wa matangazo ulimwomba aimbe, akakataa, ukamchukua mwimbaji aliyewahi kumwitikia na kumwagiza aimbe kama yeye. Midler alipata dola 400,000. Tom Waits, aliyeigwa kwenye tangazo la chipsi za Doritos, alithibitishiwa fidia ya zaidi ya dola milioni 2 mwaka 1992. Ni ushindi mzuri, lakini kipimo cha mahakama kilikuwa hiki: sauti iwe ya kipekee na inayojulikana sana kuwa ni ya mtu fulani. Msomaji wa trela anatimiza nusu ya kwanza na kuanguka kwenye ya pili. Sauti yake inajulikana. Kuwa ni yake, haijulikani. Naye James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Darth Vader, alikubali akiwa hai sauti yake iundwe upya kwa mashine kwa idhini na mkataba. Mwenye jina hukaa mezani na kupanga bei. Asiye na jina husikia habari redioni.

Kuna wanaosema sauti haiwezi kumilikiwa. Besi ni besi, na wanaume maelfu wanaweza kuunguruma. Nakubaliana nao nusu. Mtindo wa LaFontaine uliigwa na mamia na hakuna aliyeibiwa, kwa sababu kila mwigaji alitumia mapafu yake na kutumia miaka yake kujifunza. Mashine haiigi namna hiyo. Inahitaji rekodi za mtu halisi, na rekodi hizo zilitolewa kwa kazi moja iliyotajwa. Swali basi si nani anamiliki besi, ni nani aliyeruhusu rekodi ile itumike kwa jambo lile. Hilo ni swali la mkataba, na fani hii ilikwishalijibu zamani: chini ya mikataba ya chama cha waigizaji cha Marekani, tangazo la biashara hulipiwa kwa mizunguko ya wiki 13, na likiendelea kurushwa, malipo huendelea. Sauti hukodishwa.

Wengine wanatetea unafuu. Kijana wa Dar es Salaam au Kampala mwenye filamu ya bajeti ndogo hana uwezo wa kumlipa msomaji; mashine inampa sauti bure. Hoja hii ina uzito kuliko zote, na sitaki kuipuuza. Ila bure hiyo kuna aliyeilipia bila kuulizwa. Msanii aliyekubali sauti yake ikodishwe kwa mashine na kulipwa kila inapotumika anaweza kumhudumia kijana huyo kwa bei ndogo bila kudhulumiwa, na sheria zimeanza kuelekea huko. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2024 inayolinda sauti ya kila mtu, maarufu na asiye maarufu. California ikafuata na sheria inayobatilisha kifungu cha mkataba kinachoruhusu nakala ya kidijitali ya sauti bila kueleza itatumikaje, pale msanii anapokuwa hana wakili wala chama cha kumtetea.

Kwetu Afrika Mashariki kuna watu walioligundua jambo hili bila kusoma sheria yoyote. DJ Afro wa Kenya na VJ Emmie wa Uganda, wanaosimulia filamu za kigeni kwa ajili ya vibanda vya video, hutaja majina yao ndani ya kazi yenyewe. Kuhusu haki za wenye filamu, hayo ni mengine na yana ubishi wake. Lakini mtu akiweka sauti bandia ya DJ Afro leo, kibanda kizima kitajua kabla ya dakika kwisha. Wasomaji wa matangazo ya redio na simu kwa Kiswahili, ambao sauti zao zinasikika kila saa nchini mwetu, hawana kinga hiyo. Wengi hulipwa mara moja na kusahaulika.

Kwenu nyinyi wasomaji wa matangazo, na kwa studio zinazowaita, nina ombi. Msitume faili kwa kuahidiwa kwa mdomo; Lehrman na Sage, kwa maelezo yao, waliahidiwa pia. Mkataba utaje jina halisi la kampuni inayonunua, kazi ambayo rekodi itatumika, muda wake, na useme waziwazi kwamba rekodi haitatumika kufundishia mashine bila makubaliano mapya na malipo mapya. Na mteja asiyetaka kuweka jina lake kwenye karatasi hiyo, mnyimeni sauti.