Mtoto anayenyang'anywa hajifunzi kugawa

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni namna tunavyowafundisha watoto wa miaka miwili na mitatu kugawana vitu.

Miezi miwili iliyopita nilirudi jioni kutoka mpakani Kobero, kichwa kimejaa hesabu za unga na dagaa, nikakuta ugomvi mlangoni pangu. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka mitatu, aliyezaliwa katika kambi ya Nduta kule Kibondo, alikuwa amekumbatia kikombe chake chekundu cha plastiki. Mwanangu wa miaka miwili na nusu alikuwa akikivuta. Mama yangu, bibi yao, akasema: "Mpe mwenzako, usiwe mchoyo!" Mimi kwa uchovu nikakipokonya kile kikombe, nikampa mwanangu. Nikadhani nimefundisha.

Yule mtoto hakulia. Alikwenda kukaa nyuma ya mlango. Asubuhi, nilipokuwa nikikunja mkeka wake, nikakuta tonge la ugali amelificha chini. Mdogo wangu akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, kule kambini huyu hakuwa na kitu chake ila kikombe hicho." Niliona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayoniandikisha haya.

Kwa maoni yangu, tunachoita kufundisha kugawana mara nyingi ni kunyang'anya. Mtoto hajifunzi kwamba kutoa ni kuzuri, bali anajifunza kwamba mwenye nguvu huchukua. Kesho naye atamfanyia hivyo hivyo aliye mdogo kuliko yeye.

Ni vyema tujue kwamba katika umri huo "changu" hutangulia "chetu". Huo si uchoyo, ni hatua ya kukua. Utafiti uliofanywa Uswisi na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, walipotakiwa kugawa peremende, watoto wachache sana wa miaka mitatu na minne walimpa mwenzao, lakini kwa wale wa miaka saba na minane walikaribia nusu. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mtoto aliyeachwa achague mwenyewe kutoa kitu chake alikuwa mwepesi zaidi wa kutoa tena baadaye, kuliko yule aliyeamriwa.

Sisi tuliorudi nchini tulipaswa kulielewa hili kabla ya watafiti. Wangapi kati yetu tulirudi kutoka Tanzania tukakuta shamba la baba linalimwa na mwingine? Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006 kushughulikia migogoro hiyo, na baadhi ya familia ziliambiwa zigawane shamba nusu kwa nusu. Kila mmoja wetu anajua kwamba kugawana kwa amri kunaweza kuacha kinyongo kinachokaa miaka mingi. Iweje basi jambo linalotuuma sisi watu wazima tudhani halimuumi mtoto?

Mama yangu alinipinga. Alisema: "Mwanangu, sisi tulikula sinia moja, na hakuna aliyeulizwa kama anataka." Ni kweli, na mila hiyo ni nzuri, tusiitupe. Lakini hata kwenye sinia moja kila mmoja alikula upande wake, na aliyepeleka mkono mbele ya mwenzake alikemewa. Kumbe hata sinia lilikuwa na changu na chako ndani ya chetu.

Wafanyabiashara wenzangu mnaujua upatu, ambao wengine huuita likelemba. Nani kati yetu angetoa fedha zake leo kama hana hakika kwamba zamu yake itafika? Mtoto naye ni hivyo hivyo. Akishajua kwamba kitu chake kitarudi, mkono wake utafunguka.

Basi tufanyeje? Kwanza, tusipokonye. Tumwambie anayetaka: "Ngoja, mwenzako akimaliza ni zamu yako," na zamu hiyo tuitimize kweli. Pili, kitu anachokipenda mno mtoto tukiweke kando wageni wanapokuja. Tatu, tumpe nafasi ya kuwa mgawaji: mkabidhi karanga awagawie wenzake, kisha umshukuru kama unavyomshukuru mtu mzima. Nne, atuone sisi wenyewe tukimpa jirani chumvi bila kunung'unika.

Nilimrudishia mtoto kikombe chake, nikamwomba radhi mbele ya mwanangu. Mama alicheka kusikia mtu mzima akimwomba radhi mtoto. Sikumwambia tena agawe. Wiki iliyopita nilimwona amechota maji mtungini, akampa mwanangu anywe kwa kikombe kile kile, kisha akanyoosha mkono kukidai. Mwanangu akamrudishia.

Chini ya mkeka sijakuta tonge tena. Wazazi wenzangu, tunaporudi jioni tumechoka na safari za mpakani, tuiangalie mikono yetu kabla ya kuwakemea watoto.