Mwenda Jean Bosco: wakusanyaji wa santuri wamesikia vidole, maneno je?

Muulize mkusanyaji yeyote wa santuri za zamani za Afrika ataje rekodi bora ya Mwenda Jean Bosco, na kwa kawaida jibu ni moja: “Masanga”. Ni ile ya santuri ya Gallotone, aliyoirekodi Hugh Tracey huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na iliyotunukiwa Tuzo ya Osborn mwaka 1952. Kazi zilizokuja baadaye, zikiwemo rekodi za Ujerumani za 1982 na albamu ya studio iliyofanywa Cape Town mwaka 1988, huwekwa rafu ya chini, kama za mzee anayeukumbuka ujana wake.

Maoni hayo yana msingi. Kijana huyo mzaliwa wa Bunkeya, mwenye umri wa miaka ishirini na kidogo, alipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinatembeza muziki juu yake kwa mwendo wa kupishana, mpaka msikilizaji anashindwa kusema pigo la kwanza liko wapi. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliona jambo hilo ni zito kiasi cha kuandika uchambuzi wake, noti kwa noti, katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Wapiga gitaa wachache wa Afrika wa wakati ule walipewa heshima ya namna hiyo.

Na si wataalamu pekee. Mwaka 1959 Mwenda alikuwa Nairobi kwa miezi kadhaa, akitangaza dawa ya Aspro kwenye redio, na vijana wa Kenya wakajifunza kwa kumsikiliza. Mwaka 1969 alifika tamasha la Newport, Marekani. Yote hayo yalianzia kwenye santuri zilizotoka mji wa migodi ambao wengi waliozinunua hawakuwahi kuukanyaga.

Tatizo liko kwenye kipimo. Mkusanyaji hupenda cha kwanza: chapa ya kwanza, lebo ya kwanza, nakala ambayo jirani yake hana. Santuri za zile za mizunguko 78 huvunjika kama sahani ya udongo, na sindano ya chuma huzila kila zinapochezwa. Zilizobaki ni chache. Uchache unapandisha bei, na bei nayo inapandisha sifa za muziki, hata pale ambapo mwenye nyimbo hakubadilisha chochote.

Ndivyo ilivyo hata kwa mashabiki wa roki. Albamu ya kwanza ni dhahabu, ya tano ni biashara. Hapo jirani, Zambia, bendi ya WITCH ya miaka ya 1970 imepitia hali hiyohiyo: wageni walizitafuta santuri zake za asili kwa udi na uvumba, na Jagari Chanda na wenzake walipotoa albamu ya “Zango” mwaka 2023, ilikuwa lazima ipimwe kwanza dhidi ya zile za ujanani kabla ya kusikilizwa kwa haki yake. (Mwanamuziki akifa mapema hupona mtihani huo. Akiishi, anaadhibiwa.)

Kwa Mwenda kuna jambo jingine. Santuri ya mizunguko 78 huchukua takriban dakika tatu kila upande. Wimbo uliisha kwa sababu sahani iliisha. Mpigaji aliyezoea kuchezesha watu usiku kucha, akirefusha beti kadiri kikao kinavyotaka, alitakiwa kukata. Kisha mkusanyaji anakuja baada ya miaka 60 na kuusifu ufupi ule kana kwamba ndio uliokuwa nia ya msanii. Ongeza kwamba nakala nyingi za santuri za enzi hizo zilihamishiwa kwenye kanda na CD kwa kasi isiyo sahihi kabisa, na kasi ikizidi kidogo tu, sauti hupanda na vidole huonekana vyepesi kuliko vilivyokuwa.

Basi iwekwe mbele albamu ya Cape Town. Ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, miaka minne baada ya Mwenda kufa katika ajali ya gari Septemba 1990. Alipoirekodi alikaribia miaka 60. Hakimbii. Sauti imekuwa nzito, na kila uzi wa gitaa unasikika peke yake. Baadhi ya nyimbo za ujana wake zinarudi humo, zikiwa zimepoa kidogo. Ni kweli studio imesafisha mno. Ule uhai wa rekodi za Jadotville, za mtu aliyesikika mtaani kwanza na kwenye mashine baadaye, haupo. Lakini kwa anayejua Kiswahili hii ndiyo rekodi ya kuanzia, kwa sababu moja rahisi: maneno yanasikika.

Na hapo ndipo ubishi wote unapobadilika.

Waliomfuata Mwenda kutoka mbali walifanya kazi kubwa. Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba mwaka 1979, akajifunza kwa Mwenda, Edouard Masengo na Losta Abelo, na simulizi yake ikachapishwa mwaka 1982. Gerhard Kubik alimrekodi, Mmarekani Elijah Wald alikuja naye kujifunza. Bila watu hao mengi yangepotea. Hata hivyo, hamu iliyowaleta ilikuwa gitaa zaidi ya yote. Sifa walizozieneza ni sifa za mkono wa kulia.

Mwenda hakuwa mkono tu. Aliimba, na mara nyingi aliimba Kiswahili cha Katanga, si cha Zanzibar. Hata jina lake, Mwenda wa Bayeke, linajitambulisha: mtu wa pwani angesema Wayeke. Wayeke wenyewe asili yao ni Unyamwezi, walikotoka na Msiri katika karne ya 19 kabla hajajenga makao yake Bunkeya. Lugha ya Jadotville ilifinyangwa kambini, kati ya wafanyakazi wa Union Minière waliotoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe, kukiwa na Kifaransa cha ofisini juu na Kibemba, Kisanga na Kiluba pembeni. Msikilizaji wa Dar es Salaam atadaka sehemu na kubahatisha sehemu. Wa Ulaya atabaki na gitaa. Mwenye uwezo wa kusema wimbo huu una mzaha gani, unamsuta nani, neno hili lilitumiwa kilabuni au kanisani, ni mtu aliyekulia Likasi au Lubumbashi.

Kwa hiyo orodha za “rekodi bora” zilizopo zimetolewa na mahakama iliyosikiliza nusu ya ushahidi. Wenye nusu ya pili wamekaa kimya mno.

Si kwamba hakuna lililofanywa. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, umekusanya kumbukumbu za wakazi wa jiji, na kitabu cha Bogumil Jewsiewicki kuhusu muziki wa mjini Katanga kilitoka mwaka 2003. Lakini kazi hizo ziliandikwa zaidi kwa Kifaransa, na macho yake yako Lubumbashi. Likasi iko kilomita zipatazo 120 kutoka hapo, na “Masanga” ni yake kwanza.

Aliyekuwa na miaka 20 santuri ile ilipotoka sasa amevuka 90. Aliyezaliwa mwaka huo huo, na kuisikia utotoni kwenye gramafoni ya baba, ana zaidi ya 70; huyo bado yupo, Panda, Shituru, Kikula. Rekodi za Mwenda zinapatikana kwenye intaneti, mwanafunzi anaweza kumchezea mzee huyo kwa simu moja na kumrekodi kwa nyingine, akimsimamisha kila ubeti: hapa alisema nini, kwa nini watu walicheka, huyu anayetajwa ni nani.