Usiupime Mto Nairobi kwa rangi ya maji

Mvua za masika zinapoanza na Mto Nairobi ukajaa maji mekundu, msomaji, wengi wetu husimama darajani tukatikisa kichwa na kusema mto umechafuka. Ifikapo Januari, udongo ukiwa umetulia na maji yamepungua, twaona afadhali. Mimi naona tumelipindua jambo hili, na afya zetu ndizo zinazolipa.

Kila mto hubeba kaboni itokanayo na vitu vilivyowahi kuwa na uhai: majani yaliyooza, mboji, samadi, kinyesi, mabaki ya chakula. Bakteria huvila vitu hivi, na wanapokula hutumia oksijeni iliyo majini. Chakula chao kikizidi, oksijeni huisha, samaki hufa na maji hunuka kama mayai viza.

Sasa tazama misimu. Wakati wa mvua, sehemu kubwa ya kaboni hiyo huletwa na udongo wa mashamba na kingo za mto. Mboji ya udongo imeoza siku nyingi, na bakteria huila polepole. Sisemi maji hayo ni salama. Mvua za kwanza huzoa vyoo vya shimo na majaa ya takataka, na kipindupindu hupenda majira hayo. Wakati wa kiangazi, chemchemi ya Ondiri kule Kikuyu, unakoanzia mto, hutoa maji machache. Lakini vyoo vya jiji havina kiangazi. Maji taka ni yale yale, ila sasa hakuna mvua ya kuyazimua. Kinachopita chini ya daraja ni kinyesi chetu wenyewe, na hicho bakteria hukichangamkia mara moja.

Hata porini mambo haya yapo. Katika Mto Mara, viboko hujaza vidimbwi kinyesi wakati wa ukame, na mafuriko yakikisukuma ghafla, samaki hufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulilieleza jambo hili vizuri. Lakini kiboko hamwagi maji ya kiwandani, wala hakai juu ya shamba la sukuma wiki.

Sisi twakaa. Ni kiangazi hicho hicho ambapo wakulima walio kando ya mto, Njiru hadi Ruai, hunyweshea mboga maji haya, kwa kuwa mvua hakuna. Mboga huja sokoni zikiwa mbichi na za kupendeza. Zioshe kwa maji safi yanayotiririka na uzipike zikaive, ingawa moto hauondoi madini mazito ya viwandani.

Jambo jingine ni dawa ya maji. Klorini ikitiwa kwenye mtungi wa maji yenye tope, hupotea ikipambana na mboji kabla ya kuua viini. Kwanza yaache maji yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa kama kibandiko kinavyoeleza, kisha usubiri nusu saa. Hata kwenye mitambo mikubwa kama ya Ng'ethu, tope hugandishwa kwanza kwa shabu. Na maji ya Mto Nairobi wenyewe usiyajaribu, hata yakichemshwa.

Twapenda sana siku za kuokota plastiki mtoni, na wakubwa hupigwa picha wakiwa na buti za mpira. Plastiki ziokotwe, ndiyo, lakini bakteria hawali plastiki. Fedha ziende kwenye mabomba ya maji taka, hasa katika mitaa ambayo haijawahi kuunganishwa. Kanuni za mwaka 2006 ziliweka kikomo: katika maji taka yanayoachiliwa mtoni, oksijeni inayohitajiwa na bakteria kula uchafu isizidi miligramu 30 kwa lita. Basi mto wenyewe nao upimwe kila mwezi, Januari na Februari zisirukwe, na matokeo yachapishwe gazetini karibu na bei za mboga.